Naomba ushauri: ndege aina ya Caravan ya mtumba, injini imebakiza saa 400

Wakuu, habari zenu. Mimi na kaka yangu tunataka kununua Cessna 208B Grand Caravan ya mtumba, tubebe watalii Arusha–Seronera (Serengeti). Bei inavutia (labda mno), ila injini yake, PT6A-114A, imeshafanya kazi saa 3,200, na ikifika 3,600 inatakiwa kufunguliwa yote. Tumeomba vitabu vya matengenezo, muuzaji kaleta nusu. Fundi wetu anataka kuichungulia ndani kwa kamera kabla hatujalipa chochote, jamaa anapiga chenga.

Mliowahi kumiliki hizi: kila saa ya kuruka mnatenga kiasi gani kwa ajili ya injini? Na vitabu visipokamilika, TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) watakubali kuisajili kweli, au tuachane nayo?