MREJESHO: Maumivu ya tendo la ndoa baada ya kujifungua

Habari zenu wapendwa, mimi ndo yule niliyeuliza kwamba toka nijifungue, mtoto ana miezi 5 sasa, nikikutana na mume wangu naumia kama nachanwa na wembe na yeye ameanza kuhisi simpendi. Mlinisihi niende hospitali, nikaenda, asanteni mno.

Nesi akanipima, mshono umepona vizuri tu, kumbe ni ukavu, ukiwa unanyonyesha homoni ya estrojeni inashuka uke unakuwa mkavu hata kama mwenzio unamtaka. Kanishauri kilainishi cha maji, na kwa vile tunatumia kondomu kakataza kabisa mafuta ya nazi na ya mgando, yanaharibu mpira unapasuka.

Ila kilichonisaidia zaidi ni kumwambia mume wangu ukweli, maana nilikuwa nakaza meno tu nanyamaza. Alikaa kimya mda mrefu akasema mke wangu kwanini uliteseka peke yako. Siku hizi hatuna haraka, nikisema leo hapana anaelewa, na juzi kwa mara ya kwanza sijaumia, nililia jamani.