Chombo cha maua cha bibi: ni cha Bohemia, cha Ufaransa, au ni cha juzi?

Mjukuu wa Kibokoni
Assalaam aleikum. Marehemu bibi ameniachia chombo cha maua cha kioo kilichokaa zidakani, yaani katika vishubaka vya ukutani, nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, tangu kabla mama hajazaliwa. Ni cheupe kama maziwa, kimechorwa mawaridi, na dhahabu ya mdomoni imefifia. Hakina muhuri wowote. Jamaa wamegawanyika: wengine wanasema ni cha Bohemia (nchi ya Ucheki ya leo), wengine cha Ufaransa, wengine cha kiwandani cha juzi. Naomba mnilinganishie, na mnieleze thamani yake hupimwaje.

Mkusanya Vioo
Wa aleikum salaam, na pole kwa msiba. Kwanza kipindue. Kioo kilichopulizwa kwa mdomo huachwa na kovu kitakoni, pale fimbo ya fundi ilipokishika, na mara nyingi kovu hilo husagwa likawa kishimo laini; mshono wa kalibu, yaani umbo la kufinyangia kioo, ukionekana, shuku kuwa ni cha juzi. Kisha pitisha kidole juu ya mawaridi, kwani enameli, yaani rangi ya unga wa kioo, iliyochomwa tanuruni huinuka kidogo na kushikamana na kioo, ilhali rangi iliyopakwa bila moto hubanduka. Tafadhali usiisugue dhahabu wala usiitie upya.

Binti Shangani
Kuhusu mshono sikubaliani nawe, ndugu yangu, kwa sababu kalibu zilitumika sana katika karne ya 19. Mimi ningetazama mwanga: opalini (kioo chenye ukungu kama wa maziwa) ya kale ya Ufaransa, ya viwanda kama Baccarat, ikiwekwa mbele ya taa mara nyingi hutoa wekundu kama wa kaa la moto, na kioo cheupe cha Bohemia kisichopitisha mwanga kwa kawaida hakifanyi hivyo. Kukosa muhuri hakupunguzi kitu. Ni sheria ya Marekani ya mwaka 1890 iliyodai bidhaa ziingiazo huko ziandikwe nchi zilikotoka, na vioo vya Bohemia vilivyouzwa Uturuki, Uajemi na Bara Hindi havikuhusika nayo. Lau kingeandikwa Czechoslovakia, tungejua ni cha baada ya 1918.

Mzee wa Ndia Kuu
Umri una uzito hata kisheria. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na hakitolewi nje bila kibali. Kwa hiyo kabla ya kukituma mnadani London au Vienna, nenda Makumbusho ya Taifa pale Fort Jesus.

Mkusanya Vioo
Dada, nimekubali kuhusu mshono. Ama thamani, zipo tatu, na watu huzichanganya: ya bima, ambayo kwa kawaida ndiyo kubwa, ya mnada, inayokatwa ada, na ya mchuuzi, ambayo ni ndogo kwa kuwa naye anatafuta faida. Linganisha na bei zilizolipwa, si zinazotajwa na wauzaji. Ufa huishusha sana. Je, kilikuwa peke yake? Vyombo hivi vilitengenezwa mara nyingi kwa jozi, na jozi kamili huthaminiwa zaidi ya viwili vya mbalimbali.

Mjukuu wa Kibokoni
Nimekitazama. Kitako kina kishimo laini, mawaridi yameinuka, na mbele ya taa sikuona wekundu, basi naelekea Bohemia. Hilo la jozi limenishtua: shangazi yangu wa Lamu anacho kingine, na mawaridi yake yanaelekea upande wa pili. Nitampigia leo jioni, na hiki hakitoki zidakani mpaka tuviweke pamoja.