Mwanga wa buluu wa kupima kinywa: unatosha, au mzee akatwe kipande cha nyama kikapimwe?

Binti Rangi Tatu

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwa wenye uelewa wa magonjwa ya kinywa, maana nyumbani hatulali.

Tunaishi na baba yangu mkubwa hapa Mbagala. Ni mtu wa ugoro tangu mimi mdogo, anauweka ndani ya mdomo wa chini, upande wa kushoto. Siku hizi akila kachumbari yenye pilipili anashika shavu. Nilimmulika kwa tochi ya simu nikaona palepale anapoweka ugoro pana doa jeupe lenye mikunjo, na pembeni yake pekundu.

Tukaenda kliniki moja ya binafsi. Daktari akazima taa, akamvalisha mzee miwani, akammulika kwa kifaa chenye mwanga wa buluu. Na mimi akaniruhusu nichungulie: kinywa kizima kinang'aa kijani, ila kwenye doa pana giza, na fizi nazo zina michirizi ya giza kulia na kushoto. Akasema mashine imeonyesha dalili mbaya sehemu zote hizo, akatuandikia dawa ya kusukutua, turudi baada ya miezi sita kumulika tena.

Mzee kasikia "dalili mbaya" kasusa. Anasema kama ni kansa aachwe apumzike. Ule mwanga unaona nini hasa? Unaweza kusema hii ni kansa au siyo?

Mzaramo Halisi

Pole sana dada. Ushauri wangu, wasije wakamkata. Kidonda cha namna hiyo kikiguswa na kisu kinasambaa. Tumewaona wengi.

Tabibu Meno Temeke

Dada, shikamoo yangu mfikishie mzee, na umwambie hakuna aliyemwambia ana kansa. Mashine ile haina uwezo wa kusema hivyo.

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, nakueleza ninavyowaeleza wagonjwa wangu. Mwanga ule ni wa buluu, wimbi la nanomita 400 hadi 460. Nyama ya kinywa ikipigwa na mwanga huo, yenyewe, bila kupakwa dawa yoyote, inatoa mwanga wa kijani. Sehemu kubwa ya kijani hicho inatoka kwenye kolajeni, zile nyuzi zinazoshikilia nyama chini ya utando wa juu. Seli zikianza kuharibika, nyuzi zile zinavunjwa, utando unanenepa, damu inaongezeka mahali pale na kuumeza mwanga. Kijani kinapotea, wewe unaona giza. Kifaa kinachojulikana zaidi, VELscope, kilitokea Kanada kwa msingi huohuo.

Sasa shida iko hapa. Giza linaletwa na mambo mengi. Mtu akijiuma shavu, giza. Meno ya bandia yakimkwaruza, giza. Fizi zikivimba kwa ugaga, giza. Na sisi Waafrika wengi tuna weusi wa asili kwenye fizi. Rangi ile inameza mwanga wa buluu, kwa hiyo fizi isiyo na ugonjwa wowote inaonekana kama ina tatizo. Mwangalie mzee fizi zake mchana, kwenye mwanga wa jua. Kama ile michirizi ni weusi bapa, uko pande zote mbili, na anao tangu ujana, basi huenda ndiyo asili yake. Mwonyesheni daktari atakayefuata athibitishe. Inaniuma sana mzee mtu mzima kutiwa hofu kwa rangi aliyozaliwa nayo.

Na kinyume chake kipo: doa jeupe lenye utando mnene linaweza lisiwe na giza hata kidogo, lingine hata hung'aa, na bado likawa na seli mbaya. Ndiyo maana mwaka 2017 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba kwa doa linalotiliwa shaka, mwanga wa aina hii usichukue nafasi ya biopsi. Yaani mgonjwa akatwe kipande kidogo cha nyama ya doa kikapimwe, au apewe rufaa.

Doa la mzee mimi siliachi. Ugoro, mahali palepale, jeupe lililochanganyika na jekundu: mchanganyiko huo tunauhofia kuliko jeupe tupu. Miezi sita ni mingi mno. Kidonda au doa kinywani lisiloondoka kwa wiki mbili linatakiwa kuonwa na bingwa. Aanze hospitali iliyo karibu nanyi achukue rufaa ya Muhimbili, kitengo cha upasuaji wa kinywa, taya na uso. Na ugoro aache leo.

Kaka Mzaramo, nakuheshimu, ila hilo la kisu nalikataa kwa nguvu zote. Wale uliowaona walifika wamechelewa, kidonda kimeshafika kwenye tezi za shingo. Kinyama kinachokatwa ni kidogo, kwa ganzi, na bila hicho hata hospitali ya kansa ya Ocean Road hawawezi kumpangia mtu tiba.

Mama Ilham

Tabibu, samahani naingilia. Mwanangu walimpima gego kwa kijimashine kama kalamu kinachotoa namba. Ilizidi thelathini, wakasema limeoza ndani, litobolewe. Mtoto kakulia Arusha, na kwa maji ya kule meno yake yana rangi ya kahawia. Ni mwanga huohuo?

Tabibu Meno Temeke

Si huohuo, mama. Hicho kinatumia leza nyekundu, nanomita 655, na kinachosomwa hasa ni mng'ao wa kemikali za bakteria walio kwenye uozo, ziitwazo pofirini. Namba inaanzia 0 hadi 99. Lakini madoa ya kahawia, ugaga, hata mabaki ya dawa ya kusugulia yanaipandisha. Waombe walisafishe jino, walikaushe, walipime upya, kisha wapige eksirei kabla ya kutoboa. Jino la mtoto likishatobolewa halirudi.

Binti Rangi Tatu

Kaka tabibu, Mungu akubariki. Nimemsomea mzee neno kwa neno. Fizi tumeziangalia uani, ni weusi wake wa siku zote. Amekubali kwenda Jumatatu, ila ugoro bado tunabishana. Twende na nini?

Tabibu Meno Temeke

Kadi ya bima kama anayo, na majibu yote ya kliniki. Beba pia dawa zote anazomeza, za presha, za sukari, na hasa kama kuna aspirini au ya kuyeyusha damu, msikae kimya, mwambieni daktari kabla hajachomwa ganzi. Asizisimamishe mwenyewe, daktari ndiye ataamua. Na ale kabla ya kutoka nyumbani, foleni ya pale ni ndefu.