Mrejesho: binti yangu wa miezi 8 aliyekuwa akihema haraka

Jumanne usiku niliuliza hapa kama kikohozi cha binti yangu kinaweza kungoja asubuhi. Dada mmoja akanijibu: mfunue kifua, hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia, kwa umri wake, 50 au zaidi usingoje. Nikapata 64. Tena kila akivuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua ilikuwa ikiingia ndani. Baridi hii ya Julai, nilikuwa nimemfunika blanketi zito, sikuona kitu.

Tulitoka nyumbani Kayole, Nairobi, usiku huohuo kwenda hospitali. Nimonia. Akawekewa oksijeni, akadungwa dawa. Jana tumeruhusiwa, ananyonya vizuri.

Mimi nilikuwa nikipima joto tu, na halikuwa kali. Dada yangu, Mungu akubariki sana.