Leaf ya 2014 imebaki vipande 8: niiwekee betri ya 40 kWh au niuze ninunue Aqua?

MailiMoja
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla sijafanya uamuzi wa gharama.

Gari ni Nissan Leaf ya 2014 (toleo la AZE0), gari la umeme, betri ya 24 kWh, imetoka Japani, imetembea kilomita 71,000. Vipande vya afya ya betri kwenye dashibodi ni 8 kati ya 12. Kazi yake ni Kibaha Maili Moja hadi Posta na kurudi, karibu kilomita 80 kwa siku, foleni ya Morogoro Road kama mnavyoijua, AC inawaka muda wote. Asubuhi inatoka na 100%. Jioni taa ya betri inawaka kabla ya Kibamba, na kuna siku alama ya kobe (gari limepunguza nguvu) inatokea kwenye kupanda kuingia Kibaha. Wastani wa dashibodi ni 6.1 km/kWh.

Mezani kuna mambo matatu. Betri ya 40 kWh iliyotumika, ikiwa imefungwa na kila kitu, milioni 15. Au kuuza: mnunuzi kafika milioni 8, nikiongeza 13 napata Toyota Aqua (haibridi ya petroli) safi. Au kuendelea nayo hivi hivi. Mngekuwa nyie mngefanya lipi, na kwa sababu gani?

Voltimita
Mkuu, vipande 8 maana yake betri imebaki na uwezo wa kati ya 60% na 66%. Kipande cha kwanza huondoka ikishuka chini ya 85%, vinavyofuata huondoka kila baada ya 6% na kidogo. Ila vipande ni taarifa ya juu juu, tena vinaweza kudanganya: wapo wanaofuta kumbukumbu ya BMS (kompyuta ya betri) gari ionekane na vipande 12, halafu vinaporomoka baada ya wiki chache. Usiamue milioni 15 kwa kuhesabu vipande.

Tafuta kifaa cha OBD (cha kusoma kompyuta za gari) cha Bluetooth. Epuka vile vya bei ya chini kabisa, vingi haviwezi kusoma mtandao wa CAN (mawasiliano ya kompyuta za gari) wa Leaf, na kama simu ni iPhone hakikisha kimeandikwa kinafanya kazi nayo. Weka kwenye simu programu ya LeafSpy, inayosoma betri ya Leaf, chomeka kwenye tundu lililo chini ya usukani, kisha uniletee namba hizi:

SOH (asilimia ya afya ya betri) na AHr (uwezo wake kwa ampea-saa). Betri ya 24 kWh ikiwa mpya husoma AHr kama 66.
Hx. Hii inaonyesha hali ya ukinzani wa ndani ya betri. Kadiri inavyoshuka ndivyo volti zinavyozama ukikanyaga mafuta.
Tofauti ya volti kati ya seli ya juu na ya chini, kwa mV (milivolti). Pima mara mbili: ikiwa 100% imetulia, na ikiwa chini ya 20% unapanda mlima (abiria ndiye asome, sio dereva).
Joto la betri jioni ukifika nyumbani.

Halafu kuna kipimo ambacho hakidanganyi. Siku betri iko chini, soma mita ya LUKU, zima friji, pasi na kila kitu, chaji mpaka 100%, soma tena. Uniti zilizoingia zidishe kwa 0.86, kwa sababu chaja ya ndani ya gari na betri hupoteza kama 14% hivi. Jibu ndilo umeme ulioingia kweli.

Mtazamaji wa Kimara
Uza. Betri ya Leaf haina kipozeo cha maji wala feni, inapoa kwa upepo unaopita chini ya gari tu, na Dar joto halipungui hata usiku. Itaendelea kushuka. Milioni 8 ya leo mwakani ni 6.

Bi Rehema
Kaka MailiMoja, kabla ya kufikia huko angalia matumizi, maana 6.1 km/kWh ni ndogo kwa Leaf inayotembea polepole. Kwenye foleni AC inakula kwa saa, haili kwa kilomita. Ikivuta wastani wa 0.8 kW na safari ikachukua saa mbili, ni 1.6 kWh kwenda na nyingine 1.6 kurudi. Ongeza taa, feni, redio na kompyuta za gari, kama 0.25 kW muda wote. Jumla kwa siku inapita 4 kWh kabla gurudumu halijazunguka. Kwa betri yako hiyo ni karibu theluthi moja.

Usizime AC, joto la Dar si la mchezo. Weka 25 au 26 badala ya 20, washa mzunguko wa hewa ya ndani, na ipoze kabin wakati gari bado imechomekwa kwenye umeme asubuhi; Leaf ina saa ya kufanya hivyo yenyewe. Kama menyu ni ya Kijapani, elekeza kamera ya simu inayotafsiri.

Kisha magurudumu. Upepo wa kiwandani ni psi 36, nenda 38 hadi 40 ukipima asubuhi tairi likiwa baridi. Pandisha gari kwa jeki uzungushe kila tairi kwa mkono. Linalogoma, kalipa ya breki imekwama. Ni tatizo la kawaida kwa Leaf, kwa sababu motor ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kusimamisha gari, breki hazitumiki, pini zake zinashika kutu, na hewa ya pwani ina chumvi. Safisha pini, paka grisi ya breki, badili raba zilizopasuka. Malizia na alaimenti. Tairi mbili za mbele zikiwa zinaburuzwa utapoteza kilomita tano mpaka nane bila kujua.

MailiMoja
Shukrani sana dada na mkuu Voltimita. Nimepata kifaa, namba ni hizi: SOH 63%, AHr 41.5, Hx 47. Tofauti ya seli ikiwa 100% ni 12 mV. Ikiwa 15% kwenye mlima ni 41 mV. Joto jioni 39. LUKU: kutoka 6% hadi 100% zimeingia uniti 14.8. Tairi la nyuma kushoto ni zito kuzungusha.

Kuna fundi anasema anaweza kubadili moduli chache tu zilizochoka kwa milioni 3. Hilo nalo vipi?

Voltimita
Usitoe hiyo milioni 3. Betri yako ina moduli 48, kila moja seli 4, zimepangwa kuwa jozi 96 zinazofuatana. Kubadili moduli kuna maana pale jozi moja au mbili zinapobaki nyuma ya wenzake: tofauti ingekuwa 100 mV au 200 ukiwa mlimani, na kwenye mchoro wa LeafSpy ungeona vijiti viwili vimezama peke yake. Wewe una 41 mV chini ya mzigo. Zimechoka zote kwa usawa. Ukiweka moduli tatu nzima katikati ya 45 zilizochoka, uwezo wa betri utabaki uleule, kwa sababu jozi dhaifu ndiyo inayoamua gari isimame lini.

Uniti 14.8 mara 0.86 ni 12.7 kWh kwa 94% ya betri, yaani 13.5 kwa betri nzima. SOH ya 63% inakubaliana na hilo. Hakuna aliyekudanganya.

Sasa hesabu yenyewe: kilomita 80 kwa 6.1 ni 13.1 kWh. Unatumia betri yote, kila siku. Kobe anatokea kwa sababu ya Hx ya 47: jioni betri ikiwa chini, ukikanyaga kwenye mlima volti zinazama na kompyuta inakata nguvu ili kulinda seli. Tena Kibaha iko juu kuliko Posta kwa zaidi ya mita 100, kwa hiyo kurudi ndiko kugumu na ndiko unakofanya ukiwa na betri iliyobaki.

Shida yako ni kilomita 40 za jioni. Kazini Posta hapana soketi?

MailiMoja
Soketi ipo ukutani kwenye maegesho, ya kawaida ya pini tatu. Sijawahi kuomba. Waya uliokuja na gari niliubadilishia plagi ya 13A nyumbani, lakini plagi inapata moto mpaka imebadilika rangi.

FundiWaya
Kaka, hiyo plagi acha kuitumia leo, usisubiri kesho. Waya wa Kijapani ni wa volti 200, ampea 15, nao huiambia gari ivute karibu ampea zote hizo saa tano mfululizo. Plagi ya pini tatu imeandikwa 13A lakini haikutengenezwa kwa mzigo wa aina hiyo. Kinachoungua ni mguso wa pini na klipu za ndani ya soketi. Plastiki inalainika, klipu inalegea, joto linazidi. Fyuzi haitakuokoa, kwa sababu ampea 15 hazitoshi kuikata fyuzi ya 13A upesi.

Nyumbani: toa laini ya peke yake kutoka kwenye mein switchi, waya wa shaba wa 4 mm² (2.5 ni kama umbali ni mfupi sana), breka ya 16A, pamoja na kinga ya uvujaji ya 30 mA. Mwisho wake funga soketi ya bluu ya viwandani ya 16A, na kwenye waya wa Kijapani weka plagi yake ya bluu. Pima ethi. Kama ethi ni mbovu, kisanduku cha kuchajia kitawasha taa nyekundu na kukataa. Kuna mafundi wanaoidanganya kwa kuunganisha ethi na nyutro, usikubali, bodi ya gari inaweza kuwa na umeme.

Kazini: nunua waya wa kubebeka wa Type 1 (aina ya tundu la kuchajia la Leaf yako) unaoweza kuchagua ampea, uweke 10A, si zaidi. Soketi iwe ya kampuni nzuri na mpya. Baada ya nusu saa shika plagi: vuguvugu sawa, ikichoma chomoa. Usitumie ekstensheni.

Voltimita
Kumi inatosha kabisa. Volti 230 mara 10 ni 2.3 kW, zinazofika kwenye betri ni kama 2. Saa nne zinakupa 8 kWh, na safari ya kurudi inahitaji 6.5 hadi 7. Kazini zitatumika uniti kama 9. Kwa shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi ni 3,200 kwa siku. Usiombe bure. Nenda kwa mwajiri na mita ndogo ya kufunga kwenye soketi, mlipane kila mwezi. Ombi lenye namba hukubaliwa upesi.

Faida nyingine ni kwa betri yenyewe. Utaacha kuipeleka kutoka 100% hadi kobe. Nyumbani weka saa ianze saa nane usiku, baada ya betri kupoa, na imalize karibu na muda wa kuondoka. Kinachoila seli haraka ni kukaa 100% juani. Kazini egesha kivulini hata kama ni mbali kidogo.

Bi Rehema
Naunga mkono, ila nipingane kidogo na aliyesema uza. Linganisha siku moja. Leaf: 13.1 kWh ugawe kwa 0.86 ni uniti 15.2, shilingi 5,400. Aqua kwenye foleni hiyo, tuseme kilomita 18 kwa lita, ni lita 4.4, petroli ikiwa 2,800 ni 12,400. Tofauti ni 7,000 kwa siku, kwa siku 22 za kazi ni 154,000 kwa mwezi. Aqua ni gari nzuri, lakini nayo ina betri: moduli 20 za NiMH (aina ya betri ya nikeli) chini ya kiti cha nyuma, na tundu lake la hewa likiziba vumbi betri inachemka. Ukiinunua, safisha hapo mara kwa mara.

MailiMoja
Kwa hiyo ile ya 40 kWh niiache kabisa?

Voltimita
Usiiache, iahirishe. Kwa karatasi, milioni 15 za betri dhidi ya 13 za kuongezea Aqua ni tofauti ya milioni 2, na umeme unairudisha ndani ya miezi 13. Betri ya 40 ikiwa na 85% inakupa kama 32 kWh za kutumia, sawa na kilomita 190 kwa mwendo wako. Ungechaji hadi 80% tu na kutumia chini ya nusu kwa siku. Lakini masharti yawe kwenye maandishi kabla ya fedha kutoka:

AHr isomwe ikiwa bado ndani ya gari ilikotoka, isipungue 97 (mpya ni karibu 115). Picha ya LeafSpy ionyeshe tofauti isiyozidi 30 mV. Kasha lisiwe na mbonyeo wala alama ya maji. Ije na BMS yake yenyewe. Fundi akueleze anatumia kibao gani cha kutafsiri mawasiliano ya CAN kati ya betri ya 40 na kompyuta ya AZE0. Asipojua unachouliza, ondoka. Bila kibao hicho gari haitaielewa betri. Dhamana iandikwe kwa AHr, si kwa miezi peke yake.

Na mwone anavyofanya kazi. Betri ina uzito wa karibu kilo 300 na volti zinakaribia 400. Anayeanza kufungua bila kuchomoa plagi ya usalama, bila kusubiri dakika 10, bila glavu za volti 1,000, atajiua.

FundiWaya
Kabla ya yote hayo: lile tairi la nyuma kushoto. Legeza hendibreki, pandisha jeki, jaribu tena kuzungusha. Likiwa jepesi sasa, tatizo ni kebo ya hendibreki inayogoma kurudi. Likibaki zito, fungua kalipa. Rekebisha, tembea wiki moja, kisha utuletee km/kWh mpya. Ikipanda kutoka 6.1 hadi 6.8, safari nzima itahitaji 11.8 kWh, na hata siku TANESCO wakikata umeme Posta utafika Maili Moja.

MailiMoja
Jumamosi nafungua hiyo kalipa, na barua ya kuomba soketi naipeleka Jumatatu pamoja na hesabu za uniti. Namba mpya nitaziweka hapa hapa.