Lithiamu inamtetemesha, daktari hataki kuiondoa. Aiache?

Wa Chumbageni: Wakuu wa Tanga, kaka ana baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Mikono inamtetemeka, anataka kuacha lithiamu; daktari amegoma. Aache tu?

Mfamasia: Asiache ghafla, ndugu yangu! Ikikatwa kwa mkupuo, mania (ule msisimko uliopitiliza) hurudi haraka na hatari ya kujiua hupanda. Ikibidi, hupunguzwa taratibu, wiki 4 hadi miezi 3. Kwanza aombe kupimwa kiwango cha dawa kwenye damu. Itolewe zikishapita saa 12 tangu dozi ya usiku, kabla hajameza ya asubuhi. Wengi hulengewa 0.6 hadi 0.8 mmol/L. Majibu yakiwa juu, hapo mna hoja ya kupunguziwa dozi.

Raskazone: Je, anameza diklofenaki au ibuprofeni? Hizo huzuia figo kutoa lithiamu. Na joto hili la kaskazi: jasho jingi au kuharisha hupandisha kiwango. Akianza kutapika, kuyumba, ulimi kuwa mzito, asimeze dozi inayofuata. Hospitali siku hiyo hiyo.

Wa Chumbageni: Diklofenaki anameza, ya mgongo.

Mfamasia: Mwambieni daktari hilo leo, muulize kuhusu parasetamo badala yake. Mkishindwa kuelewana, ombeni daktari wa pili, dawa ikiendelea.