Umeniuzia samaki wa baridi nikiwa Mtwara, ukaniongezea na hita juu yake!

Wakuu, salaam. Wasimamizi naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa kambale wa kwenye mabwawa. Hili ni jambo jingine na nina hasira nalo tangu mwezi wa kwanza.

Mimi niko Mtwara mjini, Chikongola. Nina tangi la lita 240 sebuleni na nimefuga samaki aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa miaka minne bila kelele, joto letu wanalibeba. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nikaona tangazo la muuzaji mmoja wa Dar, simtaji, mwenyewe akisoma hapa atajijua. "Sikilidi adimu wa Amerika ya Kusini." (Sikilidi ni ukoo wa samaki, perege wetu wamo humo.) Picha ilinimaliza: samaki wa rangi ya shaba, mistari myeusi wima mwilini, jicho jekundu kama kaa la moto. Nikampigia. Swali langu la kwanza kabisa lilikuwa wanataka maji ya nyuzi ngapi. Akajibu hapo hapo: "Kaka, Amerika ya Kusini hiyo, Amazoni. Weka 28, usishuke. Hita unayo?" Nikasema sina. Akasema anayo.

Nikanunua. Narudia ili mnielewe vizuri: mtu wa Mtwara, mwezi wa kumi na moja, kanunua hita ya kupashia maji ya samaki.

Samaki sita, elfu thelathini na tano kila mmoja, nikawapokea stendi ya Mkanaledi wakiwa kwenye mifuko ndani ya boksi. Nikawazoesha maji taratibu, nikawaachia, nikachomeka hita na kuitega 28. Kile kitaa chake chekundu hakikuwaka. Siku ya pili hakikuwaka. Nikampigia nikamwambia bosi, hita yako ni mbovu. Akaniambia niirudishe kwa basi anibadilishie. Kumbe hita ilikuwa nzima na yenye akili kutushinda wote wawili: maji yangu yalikuwa yamefika nyuzi 30 yenyewe, ingewaka kufanya nini?

Desemba ikaingia na jua lake la kaskazi. Saa tisa alasiri kipimajoto kinasoma 31. Samaki wote juu, midomo usoni pa maji, matamvua yanapiga haraka haraka. Mzee jirani yangu, mvuvi mstaafu wa Shangani, alipita kuomba chaji ya simu, akainama kwenye kioo akasema, "Hawa wanatweta. Maji yako yamekwisha pumzi." Hajasoma kitabu hata kimoja cha akwariamu, kawaona tu. Na ndivyo ilivyo: maji ya nyuzi 15 hubeba oksijeni kama miligramu 10 kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba saba na nusu hivi. Mwili nao ukipata joto unadai hewa zaidi, na amonia, ile sumu ya uchafu wanaoutoa, inakuwa kali zaidi. Wanabanwa kila upande.

Mtaalamu wangu wa Dar nikamtumia video. Akasema ni minyoo, nunua dawa hii. Nikanunua. Wiki iliyofuata akasema ni bakteria, nunua hii nyingine. Nikanunua. Wawili wakafa kabla ya mwaka mpya, wa tatu akafuata Januari, tumbo limeingia ndani na mapezi yamechakaa kama bendera ya zamani.

Hapo ndipo nilipoacha kumsikiliza, nikaanza kumtafuta samaki kwa picha yake mwenyewe. Jina lake ni Australoheros facetus. Si wa Amazoni! Ni wa Uruguay, kusini mwa Brazili na Argentina huko. Manaus iliyo katikati ya Amazoni iko nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, Montevideo iko karibu nyuzi 35. Kwa ramani yetu ni kama mtu akuuzie kitu cha Cape Town akuambie kimetoka Bukoba, kwani si Afrika yote hiyo? Na huyu samaki wala si siri ya juzi. Charles Darwin aliwaokota pale Maldonado, Uruguay, katika ile safari ya meli ya Beagle, na mtaalamu mwenzake Leonard Jenyns akawaandika kisayansi mwaka 1842. Tangu 1842, halafu duka linalojiita la wataalamu halijapata habari.

Kwao wanaitwa chanchito, maana yake kinguruwe. Tafsiri hiyo sijaitoa nje ya nyumba yangu, majirani wananiheshimu bado.

Sasa kilichoniuma ni hiki. Montevideo mwezi wa saba wastani wa joto ni nyuzi 11 hivi. Samaki hawa, pamoja na ndugu zao Gymnogeophagus wanaochekecha mchanga kwa mdomo, wanaihitaji hiyo baridi. Wafugaji wanaowaelewa huwashushia maji hadi 15 hivi, wengine chini zaidi, kwa miezi kadhaa. Samaki anapunguza kula, anatulia, anapumzika. Joto likirudi anavaa rangi na kutaga. Kiangazi cha kwao anakistahimili vizuri, wiki chache za joto si kitu. Ila ukimpa kiangazi mwaka mzima anachoka, magonjwa yanampata kirahisi, umri unakatika. Muuzaji aliniahidi watazaa "kila mwezi kama sungura".

Cha kuchekesha ni kwamba kalenda yetu na yao inaenda pamoja, wote tuko kusini ya ikweta. Kipupwe chetu cha Juni hadi Agosti ndiyo baridi yao. Lakini kipupwe cha Mtwara ni cha kuvaa shati la mikono mirefu alfajiri. Maji ya tangi langu hayajawahi kushuka chini ya 23.

Msinishauri barafu. Nimejaza chupa za lita moja na nusu, nimezigandisha, nimezitumbukiza. Maji yanatoka 31 yanafika 28, baada ya saa kadhaa yako 31 tena, huko kupanda na kushuka kunamtesa samaki kuliko joto lenyewe. Feni juu ya maji inapoza kwa kuyageuza maji kuwa mvuke, na hewa ya hapa Januari ina unyevu wa kukamua kwa mikono, nilipata nyuzi moja na nusu. Mashine ya kupozea maji bei yake ni ya pikipiki, na umeme ukikatika saa nane usiku hata pampu ya hewa inalala, ninaamka kukoroga maji kwa jagi. Mke wangu alinikuta hivyo usiku mmoja, akasimama mlangoni akanitazama, akarudi kulala bila kusema neno.

Nilipomrudia muuzaji na ushahidi wote, mnajua alichojibu? "Kaka, samaki hawana tatizo. Tatizo ni Mtwara." Nikamuuliza, boksi ulituma wapi? Anwani si uliiandika wewe kwa mkono wako? Akasoma ujumbe, kimya mpaka leo. Sikuomba hata hela yote. Niliomba nusu ya bei ya samaki waliokufa, na bei ya dawa za minyoo ambazo hazikuwa na mnyoo wa kuua.

NYONGEZA: Naona mmeanza. Wanaosema niwakaange, nimewasikia, mama mkwe alishawatangulia. Ila wewe uliyesema nikawamwage Mto Ruvuma, hapana mkuu, hapo hakuna utani. Samaki huyu huyu aliachiwa Ureno na Hispania, akasambaa mto Guadiana na hatoki. Ruvuma ina perege wake, wa ukoo huo huo wa sikilidi, niwaletee mgeni mkorofi anayepigania kila jiwe?

Watatu bado wapo. Nawatoa bure kwa mtu wa Njombe, Makete au Mafinga mwenye bwawa dogo la simenti au pipa kubwa lililokaa nje, lenye wavu juu na lisilo na njia ya kwenda mtoni. Nauli ya boksi kwa basi la Songea nalipa mimi, ila uje stendi mwenyewe kuwapokea. Nataka waondoke kabla ya Juni. Atakayewachukua nampa na hita. Ni mpya, haijawahi kuwaka hata dakika moja, na asije akaichomeka.